Matembezi kwa Afya: Kutoka Rangwe kwa Matatu Hadi Simbi Nyaima

   Kama uko jikoni, endelea na kazi yako huku ukisikiliza. Kama unanyonyesha, kaa vizuri, tuzungumze.

Leo mada yetu ni matembezi. Sizungumzii matembezi ya kwenda kwa majirani kupiga domo. Nazungumzia kutembea kwa miguu kwa ajili ya afya, wewe na watoto wako, mahali pazuri, njia isiyo ngumu, bila kuwa na gari. Mnapanda matatu, mnashuka, mnatembea, mnakula chakula mlichobeba, mnarudi nyumbani kabla ya jioni.

Najua kuna mama anayesema sasa hivi: "Huyu naye! Mimi natembea kila siku. Naenda mtoni, naenda shambani, naenda sokoni. Nitembee tena kwa sababu gani?"

Mama, una haki ya kuuliza. Na jibu la kwanza ni hili: kutembea huko unakofanya kunahesabika. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linasema mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 kwa juma za kutumia mwili kwa nguvu ya kadiri. Hiyo ni kama nusu saa kwa siku, siku tano. Mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji kwa wastani dakika 60 kila siku. Basi mama anayekwenda mtoni na kurudi ameshaanza hesabu yake.

Lakini tuseme ukweli. Wengi wetu siku hizi hatutembei kama mama zetu walivyotembea. Sokoni tunakwenda kwa pikipiki. Kanisani, pikipiki. Tukifika dukani tunakaa kwenye kiti kuanzia asubuhi hadi jioni. Halafu tunashangaa tukiambiwa kwamba presha imepanda, au sukari imezidi. Na yule anayetembea kweli, mara nyingi anatembea akiwa na mtungi kichwani na mtoto mgongoni, akili imejaa karo na madeni. Mwili unafanya kazi, lakini moyo haupumziki. Matembezi ninayoyasema leo yanakupa yote mawili: mwili unafanya kazi na moyo unapumzika.

Kutembea kwa kawaida kunasaidia kushusha presha, kunasaidia mwili kutumia sukari vizuri, kunaimarisha mifupa, na kunaleta usingizi mzuri. Tena kunapunguza huzuni. Mama aliyejifungua karibuni, na dani anayelea wajukuu peke yake, wanalijua neno hili zaidi ya mtu yeyote. Kuna siku nyumba inakuwa nzito. Kutoka nje na kutembea ni dawa mojawapo.

Sasa, twende wapi?

Ukiwa Rangwe, una mahali pengi. Panda matatu hadi mji wa Homa Bay. Pale mjini utaona mlima wenye ncha kama kofia. Huo ni Got Asego. Kutoka steji unaufikia kwa miguu. Njia za chini ni rahisi; ya kupanda hadi kileleni ni kali, na inataka mtu mwenye magoti mazuri. Ukifika juu unaona mji wote na ghuba ya ziwa. Lakini kwa mara ya kwanza, ukiwa na watoto wadogo, usikimbilie kilele. Tembeeni sehemu za chini, mpumzike, mrudi.

Walio upande wa Migori wana Thimlich Ohinga, ile boma ya kale ya mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo wa kuyashikisha. UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Iko kama kilomita 46 kaskazini magharibi mwa mji wa Migori, kwa hiyo ni safari ya siku nzima, na huenda mkahitaji pikipiki mwisho wa safari. Lakini mkishafika, kutembea ndani ya zile kuta hakuchoshi, na mtoto anajifunza kwamba wazee wetu walikuwa mafundi.

Ruma nayo ni mbuga nzuri, lakini ina nyati na wanyama wengine wa porini. Pale huingii tu kwa miguu na watoto wako. Tuiache kwa leo.

Mahali ninapopapenda mimi, na ninapotaka kuwapeleka leo, ni Simbi Nyaima.

Simbi ni ziwa dogo karibu na mji wa Kendu Bay. Kutoka Rangwe unaweza kupanda matatu hadi Homa Bay, kisha nyingine inayokwenda Kendu Bay. Walio karibu na Oyugis wana barabara yao inayoteremka hadi Kendu Bay. Mwambie makanga mapema kwamba mnakwenda Simbi, akushushe mahali pa karibu. Ukipitishwa, usigombane naye. Kutoka mjini Kendu Bay pia si mbali, ni kilomita chache tu.

Ziwa lenyewe limekaa ndani ya shimo la volkano ya zamani. Ni dogo, eneo lake halifiki hata nusu kilomita ya mraba. Mtu anaweza kulizunguka kwa miguu pole pole bila kuchoka sana. Maji yake ni ya kijani na yana magadi, na mara nyingine flamingo huja kula pale, wakubwa kwa wadogo, wekundu wa waridi. Tangu mwaka 2000 ni hifadhi ya taifa. Hadithi yake watoto wote wa Nyanza wanapaswa kuisikia. Wazee wanasema palikuwa na kijiji. Usiku mmoja watu walikuwa katika sherehe, akaja bibi kizee mchovu akiomba mahali pa kulala. Wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu akamkaribisha. Yule kizee akamwambia mwanamke yule aondoke na watu wake. Usiku ule mvua ikanyesha, kijiji kikazama. Ndiyo maana linaitwa Simbi Nyaima, Simbi iliyozama.

Hadithi hiyo nimeisimulia mara nyingi. Lakini leo nataka kuwasimulia nyingine, iliyonipata mimi mwenyewe mahali pale pale.

Miaka michache iliyopita niliwapeleka watoto wanne Simbi. Watatu wangu, na mmoja wa dada yangu, msichana wa miaka tisa. Huyu wa dada yangu ana ugonjwa wa selimundu, ambao wengi wetu tunauita siko seli. Nilijua ana ugonjwa huo. Lakini siku ile alikuwa mzima, anacheka, anaruka. Nikasahau.

Tulichelewa kutoka. Tulifika Simbi saa sita, jua likiwa utosini. Nilikuwa nimebeba mandazi na soda mbili kubwa. Maji sikubeba, nilisema tutanunua huko. Tukaanza kuzunguka ziwa. Wavulana walitangulia mbio. Yule msichana akaanza kubaki nyuma. Akasema, "Mama mdogo, nina kiu." Nikampa soda kidogo. Baadaye akasema, "Miguu imechoka." Mimi nikamwambia neno ambalo mpaka leo nalijutia. Nilimwambia, "Jikaze. Wenzako wanakuacha."

Akajikaza. Watoto wetu wana utiifu, jamani. Alijikaza mpaka mwisho.

Usiku ule alianza kulia na maumivu ya miguu, kisha mgongo. Maumivu ya siko seli si mchezo. Tulimpeleka hospitali usiku, akatundikiwa maji, akapewa dawa ya maumivu, akalala huko siku tatu. Muuguzi aliniuliza swali moja tu: "Leo mchana alikunywa maji kiasi gani?" Sikuwa na jibu.

Mama msikilizaji, sikusimulii haya ili uogope. Nakusimulia ili usifanye kosa langu. Tena ili usifanye kosa la pili, lililofuata. Baada ya siku ile dada yangu alisema mtoto hatatoka tena. Tulipokwenda matembezi mengine, yeye alibaki kwenye lango, akitutazama. Hakulia kwa sauti. Machozi tu yalikuwa yanatiririka. Tulikuwa tumemwokoa na maumivu tukampa mengine.

Hebu tuuelewe ugonjwa huu, maana katika eneo letu la ziwa uko katika nyumba nyingi. Selimundu ni ugonjwa wa damu wa kurithi. Haukuletwa na mkosi wala na jicho la mtu. Mtoto anaupata akirithi chembe yake kutoka kwa baba na kwa mama, wote wawili. Wazazi wenyewe wanaweza kuwa wazima kabisa na wasijue. Ikiwa wote wawili wanabeba chembe hiyo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Basi akina baba, acheni kumlaumu mama peke yake.

Katika ugonjwa huu, chembe nyekundu za damu hujikunja kama mundu, zikakwama katika mishipa midogo. Hapo ndipo maumivu yanapotoka. Mambo yanayozidisha hali hiyo ni upungufu wa maji mwilini, kuchoka kupita kiasi, baridi, na homa kama malaria. Sasa angalia: jua la saa sita, hakuna maji, na mtu mzima anayesema "jikaze". Nilikuwa nimekusanya yote.

Lakini mtoto huyu akinywa maji, akipumzika, akivaa vizuri, akimeza dawa zake za kila siku, anaweza kutembea na wenzake. Hilo nalo nimeliona kwa macho yangu, nitakwambia mwisho. Kwanza tupange safari yenu. Chukua kalamu, au mwambie mtoto aliye darasani akuandikie.

Jambo la kwanza: ondokeni mapema. Panda matatu ya asubuhi, muwe mmeanza kutembea saa mbili au saa tatu, na saa tano muwe kivulini. Katika eneo letu la ziwa, mvua ya radi hupenda kuja alasiri, hasa miezi ya mvua ndefu, Machi hadi Mei, na mvua fupi, Oktoba hadi Desemba. Ukisikia ngurumo ukiwa mlimani, teremka. Usijikinge chini ya mti uliosimama peke yake. Ingia kwenye nyumba au kwenye gari.

Jambo la pili: maji. Bebeni kutoka nyumbani maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa ya klorini. Mtu mzima abebe angalau lita moja, mtoto nusu lita au zaidi. Mtoto mwenye siko seli awe na chupa yake mwenyewe, anywe kidogo kidogo kila mnapopumzika, hata kabla ya kusikia kiu. Soda si maji. Maji ya Simbi hayanywiki. Na mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji maji yoyote; yeye ni maziwa ya mama tu, mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na wewe unywe kwa niaba ya wawili.

Jambo la tatu: chakula. Huna haja ya kununua vitu vya gharama. Viazi vitamu vilivyochemshwa, mayai, ndizi, karanga, na uji ndani ya thamosi vinatosha. Mwenye kisukari asitembee na tumbo tupu, na abebe kitu kitamu mfukoni. Akianza kutetemeka na kutoka jasho, ale mara moja.

Jambo la nne: viatu na nguo. Slipa zinateleza, na miiba inaingia. Vaa raba au akala zilizokaza mguu. Vaa kofia au kitambaa kichwani. Beba leso mbili: moja ya mtoto, nyingine ya kukalia. Beba sweta hata kama kuna jua. Mvua ikinyesha, mtoto asipate baridi.

Jambo la tano: dawa. Kama unatumia dawa za presha, za sukari, ARV au nyingine yoyote, usiruke siku kwa sababu ya safari. Meza kwa saa ile ile. Zibebe ndani ya mkoba wako mwenyewe, si kwenye mfuko utakaowekwa juu ya gari. Mkirudi, laleni ndani ya chandarua kama kawaida. Homa yoyote ikija baada ya safari, nendeni mkapimwe malaria, msibahatishe na dawa za dukani.

Jambo la sita: maji ya ziwa kubwa. Watoto wakiona Ziwa Victoria watataka kuingia. Mle mna kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono na kupenya kwenye ngozi, hata kama mtoto ametia miguu tu. Tena kuna mahali penye viboko na mamba. Simbi nako kina chake ni kirefu, zaidi ya mita 20, kwa hiyo mtoto asisogee ukingoni peke yake. Tuangalie maji kwa macho, basi.

Jambo la saba: nyoka. Tembeeni kwenye njia iliyo wazi, msitie mikono kwenye mashimo wala chini ya mawe. Mtu akiumwa, usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza, usipoteze muda na jiwe la nyoka. Mvue pete au bangili, mguu au mkono usitikiswe, mbebe, panda pikipiki au gari lolote, fika hospitali.

Sasa neno kwa mama mjamzito. Kutembea ni kuzuri kwako, kama kliniki haijakukataza. Tembea kwa mwendo ambao unaweza kuzungumza bila kuhema. Lakini ukiona damu, maji yakitoka, kichwa kikiuma sana, macho yakiona giza, uso na mikono kuvimba, au mtoto hachezi kama kawaida, safari imekwisha. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Na wewe ambaye hujawahi kupima presha, pima kabla ya kuanza. Tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii walianza kupewa mikoba yenye vifaa vya kazi, pamoja na mashine ya kupima presha na kifaa cha kupima sukari. Muulize wa kijijini kwenu. Kipimo kikifika 140 kwa 90 au zaidi, nenda kituo cha afya wapime tena. Wengi watakuambia utembee, lakini watakuambia pia uanze vipi. Anza na dakika kumi jioni, kutoka nyumbani hadi barabarani na kurudi. Juma linalofuata, kumi na tano. Haba na haba hujaza kibaba. Usianze na Got Asego siku ya kwanza halafu useme matembezi ni mabaya.

Mtoto akiharisha au akitapika njiani, changanya vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, ndani ya lita moja ya maji safi. Mpe kidogo kidogo, na mpeleke kituo cha afya. Na mtoto mwenye siko seli, ukimwona ana homa, anapumua kwa shida, kifua kinauma, amepauka ghafla, tumbo limevimba upande wa kushoto, au upande mmoja wa mwili umelegea, usingoje asubuhi.

Sasa nimalize ile hadithi.

Ilipita karibu mwaka. Nilikwenda na dada yangu kliniki, tukamuuliza daktari waziwazi: mtoto huyu atembee au asitembee? Akasema atembee, mradi mwendo uwe wake. Maneno hayo matatu ndiyo niliyorudi nayo nyumbani: mwendo uwe wake.

Tukaenda tena Simbi. Safari hii tuliondoka gizani kidogo. Kila mtoto na chupa yake. Na tuliweka sheria moja: yeye ndiye anayetangulia. Hakuna mtu wa kumpita. Akisimama, sote tunasimama. Akikaa, sote tunakaa na kunywa maji. Mwanzoni wavulana walinung'unika. Baadaye wakagundua kwamba ukienda pole pole unaona mengi. Waliona ndege ambao mara ya kwanza waliwapita mbio. Yeye alisimama mahali pengi, si kwa kuchoka, bali kwa sababu alikuwa anahesabu flamingo. Alifika sitini na kitu, wakaruka, akaanza upya.

Usiku ule sikulala. Nilikuwa nasikiliza. Asubuhi nilimkuta jikoni, anataka chai.

Kwa hiyo mama, siku utakayotoka na watoto, angalia ni nani aliye mnyonge kati yenu. Huenda ni mtoto, huenda ni dani mwenye magoti, huenda ni wewe uliyejifungua miezi mitatu iliyopita. Huyo mweke mbele. Usimwambie ajikaze. Wenye nguvu watafika tu.

Kabla hatujaagana, tukumbushane:

Toka mapema, rudi mapema.
Beba maji, si soda.
Dawa zisirukwe, na viatu vifunge mguu.
Watoto wasiingie ziwani.
Anayekwenda pole pole ndiye anayetangulia.

Kama una mtoto anayeumwa viungo mara kwa mara, macho yake ya manjano, damu inapungua bila sababu, mpeleke hospitali apimwe siko seli. Kipimo ni cha damu tu. Kujua mapema kunaokoa maisha.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya chakula cha mtoto anayeanza kula. Mpaka wakati huo, mwambie jirani yako habari za leo, na mpange siku yenu ya kutoka. Kwaherini, na mtembee salama.